Maboksi Mia Sita kwa Jina Langu

Garissa,
Jumanne, 11 Novemba 2025.

Kwa Aabo yangu, Mzee Gabow Abdisamad,
Kotile.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Aabo, nakusalimu kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi wake, na kabla ya lolote nauliza hali yako. Goti linasemaje? Hooyo aliniambia kwamba mvua hii ya kwanza ilipoanguka uliamka ukitembea na fimbo mbili, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeigawa kwa wazee wenzako msikitini. Haya, wewe na ukarimu wako. Na Hooyo mwenyewe, mama yangu mpenzi, presha imeshuka? Mwambie vidonge si peremende, havimezwi siku anayojisikia tu. Yule mbuzi mweupe alishazaa? Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi, nakula na kusali kwa wakati. Akili ndiyo haijatulia. Tangu Jumanne iliyopita nimekuwa mtu wa kushtuka tu. Mlango ukigongwa nashtuka, nikiitwa jina langu nashtuka.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati huu ambapo hata wachungaji wa Ijara wanatumiana picha za ngamia kwa simu. Simu yangu imechukuliwa na serikali, kompyuta ya duka pia, na duka lenyewe limetiwa kufuli ambalo ufunguo wake sina. Tena hata ningekuwa na simu, haya siwezi kuyasema huku nasikia pumzi yako upande wa pili. Naandika Kiswahili kama ulivyotuzoesha. Ulipokuwa askari tawala kule Lafey barua zako zote kwa Hooyo zilikuja kwa Kiswahili, ukisema Kisomali ni cha kuongea na Kiswahili ni cha kuandikisha taarifa. Basi hii ichukue kuwa taarifa. Ombi langu ni moja, uisome mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Najua kwako hilo ni gumu, maana hata kwangu ni gumu na mimi nimelirithi kwako.

Habari nusu umeshazisikia, na nusu uliyosikia imepotoka. Ngoja nianze mwanzo.

Unakumbuka nilikueleza kwamba serikali imeziweka dawa za sindano za mifugo katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa. Siku hizi siwezi kumpigia mtu wa Nairobi nikamwambia anitumie dawa ya mbung'o kwa basi. Lazima niwe na leseni, niingie kwenye mfumo wa serikali kwa jina langu na neno langu la siri, niagize humo, na kila boksi linakuja na stika yenye namba. Namba ile inasema boksi limeagizwa kwa leseni ya nani. Siku niliyopewa leseni mlichinja, mkaalika kijiji kizima. Niliwekeshwa sahihi na alama ya kidole kwamba neno la siri halitatoka kwangu kwenda kwa mtu yeyote, awe mume, awe ndugu. Nilitia kidole kwa mbwembwe zote.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, nikiwa nampimia mzee mmoja dawa ya minyoo ya ngamia, wakaingia watu wawili. Mmoja kijana wa ofisi ya mifugo ya hapa hapa Garissa, Msomali mwenzetu, namjua kwa sura. Mwingine mama wa makamo kutoka Nairobi, miwani mikubwa, sauti ya chini, mtu wa kukuambia pole hata wakati anakufungia duka. Nilidhani ni ukaguzi wa kawaida. Nikawapa viti, nikamwita Maryan, yule mwenye kibanda cha chai mlangoni pangu, alete chai ya maziwa na anjera. Yule mama akakataa chai. Moyo ukanipiga pale pale, maana hapa kwetu mtu akikataa chai amekuja na jambo.

Akaniuliza mwaka huu nimeagiza maboksi mangapi ya sindano ya mbung'o. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni arubaini na mawili na karatasi zake zimo kwenye faili la kijani. Akaigeuza kompyuta yake. Aabo, niliona jina langu kamili, Hamda Gabow Abdisamad, na namba ya leseni yangu, na ile picha yangu ya hijabu ya bluu, na chini yake maboksi mia sita na kumi na manane. Nikamwambia mashine imekosea. Hakubishana nami, akasogeza tu ukurasa kwa kidole. Mengine yalipokelewa Banissa, mengine Lafey, mengine yameteremka hadi Masalani na huko kwenu Kotile. Mia sita! Duka langu halina rafu za kubeba hata mia. Lafey sijakanyaga tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni! Niliikodolea macho ile namba mpaka ikaanza kucheza. Nilikuwa sijawahi kuufungua ule ukurasa wa maagizo yaliyopita. Mimi huagiza changu nikatoka, basi.

Subiri, Aabo, hapo bado. Dawa halisi ilikuwa ikitolewa ndani ya yale maboksi na kuvushwa mpaka wa nchi ikauzwe upande wa pili. Maboksi yenye stika halali yakajazwa pakiti za unga uliotiwa rangi ya manjano, yakauziwa watu wetu. Mfugaji anachapa namba kwenye simu, anaambiwa leseni ni halali, anamshukuru Mungu na kumchoma ng'ombe wake unga. Yule mama alinionyesha picha. Ng'ombe wamevimba shingo, wamelala safu moja, na mimi kama mtu wa mifugo sikuhitaji kuelezwa kwamba hao hawakulala usingizi. Nilitapika, Aabo. Nilikimbilia nyuma ya duka nikatapika chai yote.

Niliporudi alikuwa na karatasi mkononi. Ni barua ya chifu wa Kotile kuhusu ng'ombe saba wa Rukiyo, yule mjane jirani yetu, waliokufa wote ndani ya siku tisa. Chini ya barua kuna sahihi ya shahidi. Sahihi yako naijua tangu darasa la kwanza, ile yenye mkia mrefu unaorudi nyuma ukapiga mstari. Nikasoma kwamba wewe ndiye uliyeokota boksi nyuma ya zizi la Rukiyo, ukalitia kwenye mfuko wa nailoni bila kuligusa kwa vidole, ukatembea na goti lako hilo bovu mpaka kwa chifu. Chifu aliona namba tu, wewe hukuona hata hiyo. Ulimtetea jirani, na kesi ikaja moja kwa moja mlangoni kwangu. Ng'ombe wako wamepona kwa sababu dawa yako nilikutumia mimi kwa mkono wangu. Rukiyo hakuwa na binti mwenye duka Garissa.

Basi yule mama akaniuliza ni nani mwingine anayelijua neno langu la siri. Nikaapa kwamba sijampa mtu. Akasema anasadiki, kwa sababu huyo mtu hakulihitaji. Mwezi wa pili mwaka huu mtu alibofya pale palipoandikwa kwamba amesahau neno la siri, na mfumo ukamuuliza swali la siri, lile nililolichagua mimi mwenyewe siku ya kujiandikisha. Swali lilikuwa babu wa babu yako aliitwa nani. Mtu yule akajibu mara moja, Kerrow, na mlango ukafunguka.

Yule mama alinieleza kwa upole kwamba swali lile huhesabiwa kuwa gumu. Watu wengi hawajui babu wa babu yao aliitwa nani. Yeye mwenyewe hajui, na marehemu baba yake hakujua. Nilicheka, Aabo, kicheko cha wazimu mpaka Maryan akachungulia. Nikamwambia kwamba kwetu mtoto wa miaka saba anahesabu mababu kumi na watano bila kukosea, na akimruka mmoja anaanzishwa upya. Wageni wawili wakikutana kisimani, kabla ya kunywesha mifugo wanahesabiana mababu wajue wanakutania wapi. Jibu langu la siri linajulikana na watu zaidi ya elfu tatu, kuanzia Hulugho mpaka Banissa. Kuna wanawake walioolewa kwetu juzi tu nao wanalijua! Kijana wa Garissa hakucheka. Alijishika kichwa, akatoa simu yake haraka, kwa sababu yeye naye alikuwa amechagua swali lile lile.

Sasa likaja swali ambalo sikulitegemea. Mama akasema mtu yule baada ya kuingia alibadilisha neno la siri. Kama ni hivyo, mimi miezi yote hii nilikuwa nikiingia vipi kuagiza maboksi yangu arubaini na mawili? Aliniuliza bila ukali wowote. Nikamjibu kwamba mwezi ule ule wa pili kompyuta yangu iliharibika, nikampa Hamse wetu, fundi simu, aitengeneze, na aliporudisha aliniambia neno la siri sasa ni jipya, nikadhani ni mambo ya ufundi. Mama akaandika jina la Hamse, akaniomba nimtajie na jina la baba yake. Nikamtajia Adeer Alio, ndugu yako, Mungu amrehemu. Akaandika.

Alhamisi walimchukua. Hamse unamjua kuliko mimi, wewe ndiye uliyemlea tangu Adeer Alio alipofariki akiwa na miaka mitatu, akala nasi sinia moja. Lakini hujawahi kumwona hapa sokoni. Kibanda chake cha kutengeneza simu kiko milango miwili kutoka kwangu. Akina mama wazee wa maziwa hawalipi kwake, anawaambia watamlipa wakiota meno. Siku hiyo walimkuta amefungua simu ya imamu, skrubu zote amezipanga kwenye kifuniko cha soda. Ndani ya kibanda wakapata simu thelathini na moja na laini za watu kibao, na kibanda cha fundi simu kitakuwa na nini kama si simu? Zote zikabebwa kuwa ushahidi. Soko zima likasema ahaa, kumbe. Alipopitishwa mbele yangu na pingu, yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Alisema nisiwe na wasiwasi, serikali itagundua ni makosa, na nijitahidi kula kwa sababu nimekonda.

Mahakama ikawapa siku saba za kumhoji.

Ijumaa baada ya swala ulipiga simu ya Maryan ukanitaka mimi. Simu ile sikio lake limekufa, inasikika kwa spika tu, kwa hiyo uliyonena yalisikiwa na kila mtu aliyekuwa akinywa chai. Sitayarudia yote. Ulisema aliyeiba jina la binti yako na kuua ng'ombe za mjane si mwana wa ndugu yako. Ulisema asipate kivuli duniani wala akhera, na kwamba mzee yeyote wa kwetu atakayekwenda kituoni kumsimamia asikanyage tena kwako. Watu waliweka vikombe chini. Maryan akasema astaghfirullah, akaipunguza spika, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Laana ya mzazi si kitu cha mchezo kwetu. Wazee waliokuwa wamejipanga kwenda kituoni wakavaa viatu wakarudi makwao. Tangu hapo hakuna aliyempelekea Hamse hata chupa ya maji. Na mimi nilisimama pale na simu ya Maryan mkononi. Mdomo huu unaoujua, uliowahi kubishana na kadhi mbele ya watu, haukutoa hata herufi moja.

Aabo, kaa chini kama umesimama.

Hamse hajaniharibia kitu. Alinisafishia kompyuta vumbi, akabadilisha feni, akanirudishia. Neno la siri hakulijua, hakuliuliza, hakulibadilisha. Maneno niliyomwambia yule mama niliyatunga palepale kwenye kiti, kwa sababu aliyeingia nilikuwa nikimjua.

Ni Abdisalam. Ni mwanao, ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwezi wa pili alinipigia kutoka Banissa. Alisema kule hakuna muuzaji mwenye leseni hata mmoja, ngamia zake zinakonda, anahitaji maboksi mawili tu, nimpe neno langu la siri aagize mwenyewe. Nilikataa, wallahi nilikataa. Nilimwambia nimetia kidole. Akamwambia Hooyo, na Hooyo akanipigia akilia, akiniuliza tangu lini serikali imekuwa karibu nami kuliko ndugu yangu. Usimgombeze Hooyo, hakujua anachokiombea. Kesho yake Abdisalam akapiga tena, na mimi nikajiona nimepata njia. Nilimwambia neno la siri siwezi kumpa, hilo nimeapa, lakini mfumo una swali, na swali lenyewe ni babu wa babu. Nikacheka. Yeye naye akacheka. Baada ya dakika chache akanitumia neno jipya kwa ujumbe ili na mimi niendelee kuingia. Nilijiona mwanasheria! Nilijiambia kiapo changu kizima, sijampa mtu kitu, nimemwacha tu ataje jina la babu yake mwenyewe. Nilikwenda kuswali adhuhuri nikiwa na amani kabisa.

Kwamba maboksi mawili yamekuwa mia sita, kwamba ndani ni unga, hayo sikuyajua mpaka kompyuta ile ilipogeuzwa. Kushtuka kwangu hakukuwa kwa uongo. Lakini jina la Hamse nililitoa nikiwa nimeshaelewa kila kitu, na nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu ni yatima. Hilo ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kuandika na naliandika ili ulione kwa macho yako.

Jumapili nilimpigia Abdisalam kwa simu ya Maryan, nikajificha nyuma ya kibanda na ile spika yake nimeifunika na ushungi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa kukana, kwa lolote. Nilimwambia ng'ombe wa Rukiyo wamekufa, Hamse yuko seli, Aabo amemlaani mbele za watu. Unajua alichonijibu? Alinishukuru. Alinishukuru kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema hakujua kwamba nina akili kiasi hicho, na kumtaja Hamse ndiyo hatua nzuri. Akasema ninyamaze mwezi mmoja, mambo yatapoa, na Hamse hana mke wala mtoto, atazoea. Aabo, namba ile ilinishtua, picha zilinishtua, sahihi yako ilinishtua. Lakini ile asante! Nilikaa chini kwenye mchanga, ushungi wangu umejaa majivu ya Maryan. Nilitambua kwamba kwake mimi na yeye sasa tuko kazi moja.

Jana nilimpelekea Hamse anjera na nyama ya nyirinyiri. Askari walinipa dakika tano. Hakuuliza kesi imefika wapi. Aliuliza kama ni kweli wewe ulisema yale maneno, kwa sababu mahabusu mmoja aliyeletwa Ijumaa amemsimulia. Nikamwambia ni kweli. Akaniomba nimsaidie kukumbuka. Alisema Aabo hawezi kutamka kitu kama kile bure, kwa hiyo lazima kuna kosa alilokukosea siku moja bila yeye kujua, labda utotoni, labda juu ya mifugo, na kama mimi nalikumbuka nimtajie ili aliombee msamaha. Alikuwa anauliza kweli, amenitolea macho. Nilitoka mle ndani dakika tatu hazijaisha.

Leo asubuhi nikaenda kumtafuta yule mama wa Nairobi, nikamkuta kituoni. Nimeandikisha taarifa ya kurasa nne, nimetaja kila kitu, tarehe, simu, kicheko, uongo. Nimemtaja Abdisalam kwa jina lake kamili na mahali anapokaa. Mama aliniambia pole, kama kawaida yake, kisha akaniambia kwamba kuanzia sasa mimi sitarudi nyumbani. Leseni imekwenda, duka limekwenda, na mahakamani nitasimama kwa kusema uongo na kwa kufungulia mtu mlango niliokabidhiwa na serikali. Barua hii naiandika kwenye benchi la kituo, karatasi nimepewa na yeye. Sijaonewa, Aabo. Usimtafute mtu mkubwa wa kuniombea.

Kuhusu Abdisalam, sina ubavu wa kukuamrisha. Ukitaka kumpigia, mpigie. Mimi ningeomba umwambie aje mwenyewe kabla hawajamfuata Banissa, na aje na majina ya waliokuwa wakijaza ule unga, maana bado uko madukani na watu bado wanachoma mifugo. Hooyo mwambie polepole, akiwa amekula na amemeza dawa. Atanichukia mimi kwanza kabla ya kumchukia yeye, na nimeshalikubali. Rukiyo nimwombe nini? Sijui. Ng'ombe wangu watatu walio katika zizi lako mpelekee leo, na usimwambie ni msamaha, mwambie ni wake.

Lililobaki ni la kwako peke yako, hakuna mahakama inayoweza kulifanya. Maneno uliyomtolea Hamse yaliwekwa mahali pasipo pake. Uliyasema mbele ya watu, yaondoe mbele ya watu. Kama huwezi kuyarudisha bila kuyatua juu ya mtu, wenye nayo ni sisi wawili uliotuzaa, na mimi wa kwanza.

Nisalimie Hooyo, mwambie nampenda hata akikataa salamu yangu. Wasalimie wazee wa msikitini na mke wa imamu aliyenifundisha juzuu ya kwanza. Wasalimie watoto wa Rukiyo mmoja mmoja, ila usiwaambie salamu zimetoka kwa nani. Niombee dua kama moyo wako utaruhusu, na kama hautaruhusu nitaelewa. Mungu akupe afya, akulainishie goti, akuweke mpaka siku nitakayoweza kukuangalia usoni.

Hamse wamemwachia saa sita. Walimweleza yote mbele yangu. Hakunitukana. Alivaa viatu vyake, ambavyo vimetolewa kamba, akaniuliza kama wewe umeshajua. Nikamwambia bado, ndiyo naandika. Akakaa upande wa pili wa benchi akasema atasubiri nimalize, kesho atapanda gari la kwanza aje na barua hii mwenyewe. Nilimwambia aende akapumzike nyumbani kwako ukishaisoma, akasema bomani kwako haingii mpaka umwite wewe.

Kwa hiyo, Aabo, aliyekupa karatasi hizi ni yeye. Nadhani umezichukua bila kuitikia salamu yake. Basi yuko nje ya ua wako sasa hivi, kwenye jua, anakusubiri umalize kusoma. Umeshamaliza. Mwite.

Ni mimi bintiyo,
Hamda.